Nani Atapanda Juu ya Paa?

(Mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, siku ya semina kuhusu kupimwa kwa vituo vya soko. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tunajua huu ni wakati wa palizi na kila mmoja wenu ameacha jembe shambani, kwa hiyo hatutawachosha kwa salamu nyingi.

Mmetuita kwa sababu ya vigingi. Wapimaji walikuja sokoni, wakapiga vigingi vya rangi nyekundu, wakapanda gari wakaenda zao. Kigingi kimoja kiko katikati ya kibanda cha akina mama wa mboga. Kingine kiko hatua mbili kutoka mlango wa mashine ya kusaga. Tangu siku hiyo hakuna usingizi. Wengine wanasema ni barabara, wengine wanasema ni soko la kisasa, wengine ati kila kitu kitabomolewa. Na kuna wengine, hatutawataja ingawa wako hapa ndani, ambao wameanza kujenga usiku ili mpimaji akirudi akute jengo limesimama.

Jibu la vigingi hivyo hatuna. Wenye jibu ni ofisi ya mipango ya kaunti, na huko tutakwenda pamoja. Lakini kuna jambo tuliloliona safarini ambalo tunataka mlisikie kwanza, kwa maana swali likiulizwa vibaya, jibu lake huwa ni karatasi tu.

Tulikwenda Unguja, sisi wa ofisi na viongozi wachache wa vikundi. Tulipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha boti. Tulitaka kuona Mji Mkongwe, ule mji wa nyumba za mawe ambao tangu mwaka 2000 umeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, kama Lamu yetu ilivyoandikwa mwaka 2001. Mzee mmoja katika msafara wetu aliuliza kwa nini watu wa maendeleo ya shamba wapelekwe kutazama majumba ya masultani. Tulimwambia asubiri kidogo.

Mji ule umekaa kwenye ulimi wa nchi unaoingia baharini. Zamani upande wa nyuma palikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa yanautenga mji na bara ya kisiwa, na palikuwa na daraja. Ndiyo maana mpaka leo panaitwa Darajani, ingawa mkono ule ulifukiwa na sasa ni barabara na soko. Upande wa pili wa maji watu walipaita Ng'ambo. Mji Mkongwe ulikuwa wa matajiri wenye nyumba za mawe, na Ng'ambo ilikuwa ya wengi, nyumba za miti na udongo.

Ukiingia ndani vichochoro ni vyembamba mno. Mtu mwenye kapu akikutana na mwenye kapu, mmoja lazima asimame kando. Kijana wetu mmoja akacheka, akasema huu mji haukupangwa hata kidogo. Ni kweli kwamba hakuna aliyekaa na rula akachora mji ule. Ulikua katika karne ya 19, biashara ya karafuu, pembe za ndovu na, tuseme ukweli, biashara ya watu, ilipoleta fedha. Kila mmoja alijenga alipopata nafasi.

Lakini ukitazama vizuri unaona kwamba watu walikuwa wakiheshimiana katika kujenga. Njia ni nyembamba, lakini imeachwa, haikuzibwa. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza ya mawe ambapo mwenye nyumba hukaa na mgeni wake. Mvua ikigeuza kichochoro kuwa mto, mpita njia hukanyaga juu ya baraza hizo na hakuna anayemfukuza. Na baadhi ya nyumba ziliwekwa wakfu, yaani mwenyewe aliandika kwamba nyumba isiuzwe, kodi yake isaidie msikiti au ukoo au maskini. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza, na watu walimjua.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana hapo ndipo penye somo letu, na akina baba mnaojua ujenzi mtatusaidia.

Ukuta wa nyumba ya zamani ya Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ukuta mnene haswa. Juu ya kuta mbili hulazwa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko si ndefu, inavuka kama mita 3 hivi, na ndiyo sababu vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Juu ya boriti huwekwa mawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Chokaa si kama simiti. Hiyo hupumua. Ikilowa leo, kesho jua likiwaka inakauka. Haiwezi kuvumilia kitu kimoja tu: maji yanayoingia kila mvua mahali palepale.

Paa likitoboka, hata tundu la kuingiza kidole, maji hushuka ndani ya ukuta. Huko ndani yanaosha chokaa kidogo kidogo. Yanafika pale ncha ya boriti ilipolala gizani, na ncha inaanza kuoza. Wewe uliye chumbani huoni kitu, labda doa tu juu ya kitanda. Unasogeza kitanda. Mwaka unapita, miaka mitano inapita. Siku moja sakafu ya juu inashuka. Na sakafu ile, kumbe, ndiyo iliyokuwa imezishika kuta mbili zisiachane. Ikishaondoka, ukuta umebaki peke yake kama mjane asiye na ndugu.

Dawa ya haya yote, mafundi walituambia, ni mtu mmoja mwenye ngazi na ndoo ya chokaa, apande juu ya paa kabla ya masika. Kazi ya siku moja au mbili kila mwaka. Basi.

Hapo mzee wetu, yule aliyelalamika, akauliza: sasa kama dawa ni rahisi hivyo, mbona nyumba zimeanguka?

Nyumba nyingi zilikosa mtu wa kupanda. Tarehe 12 Januari 1964 kulikuwa na Mapinduzi. Wenye nyumba wengi walikimbia au waliondoka, na serikali ikachukua nyumba nyingi ikazigawia familia ambazo hazikuwa na makao ya maana. Tusihukumu upesi hapa. Mtu ambaye wazazi wake walilala kwenye kibanda Ng'ambo huku wakilipa kodi ya ardhi ya kibanda hicho (na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kabisa kuilipa), mtu huyo kupewa chumba katika nyumba ya mawe ni haki aliyoingojea. Sisi tungefurahi. Lakini nyumba iliyokuwa na familia moja sasa ilikuwa na familia kadhaa, kodi ilikuwa ndogo sana, na mwenye nyumba alikuwa ofisi. Hesabu ya paa haikufanywa.

Bibi mmoja alitukaribisha chumbani kwake, ghorofa ya juu. Tulimwamkia, akatupa chai ya tangawizi. Alituonyesha mahali alipokuwa akitega mabeseni wakati wa mvua. Alisema alikwenda ofisini akaambiwa asubiri, akaenda tena akaambiwa asubiri. Akawaendea majirani wa ghorofa ya chini wachange waite fundi. Wa chini wakamwambia kwao hakuvuji. Wa kati wakamwambia, kwa nini tutoe pesa zetu kutengeneza nyumba ya serikali, kesho tukiondolewa je? Bibi alituambia hakuwakasirikia. Na sisi tukifikiri, tunaona kila mmoja wao alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa nzuri, na maji yaliendelea kushuka ndani ya ukuta.

Kisha watu wakaanza kujitengenezea, kila familia kivyake. Huyu anahitaji jiko, anajenga jiko kwenye kona ya juu. Yule anahitaji bafu, anapitisha bomba ndani ya ukuta wa chokaa, na bomba likivuja hakuna ajuaye. Wa chini anataka duka, anatoboa ukuta apate mlango mpana, bila kujua ukuta ule umebeba ghorofa mbili. Mwingine anaona ukuta una unyevu, anaupiga plasta ya simiti apendeze. Simiti inafunga, unyevu unabaki ndani, na baada ya muda plasta inadondoka pamoja na ngozi ya ukuta. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuubomoa mji. Kila mmoja alikuwa akitafuta maisha, kama vile wale wanaojenga usiku hapa kwetu.

Mtasema, basi wangeletewa wataalamu wapange. Waliletwa! Mji wa Unguja umepangwa na wageni mara nyingi kuliko miji mingi tunayoijua. Mwaka 1923 Mwingereza aliandika mpango. Mwaka 1958 Waingereza wakaandika mwingine. Mwaka 1968 ulikuja wa Wajerumani wa Mashariki, na mwaka 1982 wa Wachina. Makaratasi hayo yote yapo.

Mpango wa Wajerumani ndio ulioonekana zaidi kwa macho. Serikali ya Mzee Karume ilitaka watu wa Ng'ambo waache nyumba za udongo, wapate nyumba za ghorofa zenye maji na umeme. Nia hiyo hatuwezi kuicheka, tuliosomea chini ya paa la nyasi. Barabara mbili pana zilichorwa zikakatana Michenzani, nyumba zilizokuwa hapo zikavunjwa, na majumba marefu kama treni yakasimama kando ya barabara. Bado yapo, yanakaliwa, na watu wake wanajivunia kuwa na milango yao. Lakini mpango ulitaka Ng'ambo yote iwe hivyo. Karume aliuawa mwaka 1972, fedha hazikutosha, na watu walikuwa wanaongezeka kuliko majumba. Wakajenga nje ya mchoro, mbali zaidi na zaidi, mahali ambapo hakuna aliyeacha njia ya gari la zimamoto wala mfereji wa maji ya mvua. Wakati huo Mji Mkongwe ulikuwa hauna wa kuutazama.

Tusiwachoshe kwa miaka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ukatoka mpango mwingine, uliotengenezwa na serikali pamoja na shirika la Aga Khan linaloshughulikia utamaduni. Huu tuliupenda, tutawaambia kwa nini. Kabla ya kuchora, watu walitembea nyumba kwa nyumba. Nyumba karibu 1,700. Waliandika: hii ni ya nani, imejengwaje, inatumiwaje, ufa uko wapi, paa likoje. Walikuta nyingi ziko katika hali mbaya. Kisha nyumba zikawekwa madaraja, ipi isiguswe bila ruhusa na ipi inaweza kubadilishwa kwa masharti. Mafundi vijana walifundishwa tena kazi ya chokaa, kwa maana wazee walioijua walikuwa wamebaki wachache.

Haikuwa muujiza. Tangu miaka ya themanini serikali ilikuwa imeanza kuuza baadhi ya nyumba zilizochakaa kwa watu wenye uwezo wa kuzitengeneza, na watalii walipoongezeka nyingi zikawa hoteli na maduka ya vinyago. Hoteli ina pesa ya kumlipa mtu wa kupanda juu ya paa, hilo hatuwezi kukataa. Tuliona nyumba zilizopona vizuri kabisa. Ila jioni ukipita baadhi ya vichochoro husikii mtoto akiitwa kuja kula. Mama aliyekuwa akipanga chumba pale sasa anapanda daladala asubuhi kuja kufua mashuka katika nyumba aliyokuwa akiishi. Sisi kwa maoni yetu hilo nalo ni ufa, ingawa hauonekani ukutani.

Na kuna habari moja ambayo mtu yeyote anayependa mji ule huieleza kwa sauti ya chini. Jumba kubwa kuliko yote pale ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Lilikuwa la serikali, lilikuwa jumba la makumbusho, kila mtalii alilipiga picha. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka likafungwa. Miaka ikapita. Hatimaye kazi ya kulitengeneza ikaanza, na tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele uliporomoka. Watu wawili walikufa. Tunataka mkumbuke kwamba hawa hawakuwa masultani wala mawaziri. Walikuwa vibarua waliopanda kutengeneza kitu kilichochelewa kutengenezwa.

Mzee wetu hakuuliza tena kwa nini tumekwenda.

Sasa turudi nyumbani, na tuanze na makosa yetu wenyewe, kwa maana si vizuri kutaja paa la Unguja na kuficha la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisaidia kikundi kimoja kujenga tangi la maji. Ilikuwa harambee nzuri, wageni walikuja, tukapiga picha na utepe ukakatwa. Tangi lilikuwa la wanachama wote. Gata la bati lililoliletea maji lilizibwa na majani msimu wa pili. Tulipofika tulikuta tangi kavu, gata linamwaga maji kwenye ukuta wa ofisi ya kikundi, na ukuta umeanza kumeguka. Tuliuliza, nani husafisha gata? Mwenyekiti akasema ni kazi ya kamati. Kamati ikasema ni kazi ya wanachama. Wanachama wakasema, si ni tangi la ofisi ya maendeleo? Na kweli sisi hatukuwahi kuuliza swali hilo siku ya utepe. Kwenye ile karatasi ya mradi tuliandika mifuko ya simiti, lori za mchanga, idadi ya siku za kazi. Jina la mtu wa kupanda ngazi hatukuliandika.

Kwa hiyo, hivi vigingi.

Kaunti ina haki ya kupanga soko, na sisi kama ofisi hatupingi mpango. Tumeona mambo yasiyopangwa yanavyokuwa. Hapa kwetu maji ya mvua kutoka barabarani yanaingia kwa fundi cherehani kwa sababu kila mwenye kibanda alisogea mbele futi mbili mpaka mtaro ukaisha. Hilo hatukuletewa na serikali, tulilifanya wenyewe. Lakini Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya mwaka 2019 ya kupanga matumizi ya ardhi zinataka mpango utangazwe na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni kabla haujapitishwa. Kutoa maoni maana yake si kwenda kwenye mkutano, kuandika jina kwenye rejista, kunywa soda na kurudi nyumbani.

Tunapendekeza tufanye kama wale waliopita nyumba kwa nyumba. Kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mama, tafadhali. Wapite soko lote kutoka mashine ya kusaga mpaka kichinjio. Kila kibanda waandike: ni cha nani, anauza nini, alianza lini, maji yake ya mvua yanakwenda wapi, choo anachotumia ni kipi na nani anakisafisha. Waandike pia njia. Zile za kupitishia mikokoteni na punda, ile ya watoto wa shule, na ile ya akina mama wanaotoka kisimani, ambayo mpimaji hawezi kuiona kwa sababu kwake ni nyasi zilizokanyagwa tu.

Halafu tukifika kaunti tutakuwa na swali la kuuliza. Hatutauliza tu “mtatujengea nini?” Tutauliza: soko hilo jipya likijengwa, paa litakuwa la nani? Ada ya soko ikikusanywa, kiasi gani kitabaki cha kuzibua mtaro? Akina mama wa mboga watauzia wapi wakati ujenzi unaendelea, na wakati wa kurudi, nani ameandika kwamba watarudi wao na si wengine? Wakitujibu kwamba hayo yataangaliwa baadaye, tutawaomba kwa heshima tuyaangalie sasa.

Na nyinyi mnaojenga usiku, tunawaomba msimame kwanza. Jengo la usiku halina mpaka na jirani, halina mtaro, na mpimaji akija atakuwa na sababu ya kuvunja la kwako na la mwenzako aliyekuwa hapo miaka ishirini.

Orodha ianze wiki hii. Tutakutana tena hapa hapa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, si saa sita. Watu wawili wa kila kikundi waje na daftari zao. Wenye kamba ya kupimia waje nayo pia, maana ile ya ofisi imekatika. Na kile kikundi chenye tangi, tunamshukuru kijana aliyejitolea jana kupanda juu ya gata. Jina lake limeandikwa kwenye daftari la kikundi, pamoja na tarehe ya kupanda tena.